Kina, Mizani na Jiko Lililochoka

Maswali ya ushairi katika mitihani yetu, Kenya na Tanzania, yana sura moja inayojulikana. Taja bahari ya shairi hili. Eleza umbo lake. Onyesha tamathali tatu za semi. Mwanafunzi aliyejiandaa hujibu upesi: ni tarbia, kila ubeti una mishororo minne, kila mshororo una mizani 16, kuna vina vya kati na vya mwisho, kuna tashihisi, takriri na sitiari. Anapata alama zake, na shairi linabaki palepale lilipokuwa. Hakuna aliyemuuliza kwa nini mshairi aliukata mshororo katikati, wala kwa nini jiko lichoke wakati jiko halina mwili.

Hasara hiyo ni kubwa, kwa sababu istilahi za ushairi wa Kiswahili hazikubuniwa ili zitajwe kwenye karatasi ya majibu. Nyingi zilitokana na watu wa kazi: mtunzi, mghani, waitikiaji, na msikilizaji aliyetaka kusema ni wapi hasa utungo ulimgusa au ulimkera. Istilahi inayotajwa bila kazi yake ni nusu ya maarifa.

Tuanze na sikio, maana ndiko mambo yalikoanzia. Kanuni tunazosomeshwa leo zilipata umbo la kitabu mwaka 1954, Kaluta Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Abedi, ambaye baadaye alikuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam na kisha waziri, hakuzibuni kanuni hizo. Alikusanya yaliyokuwa yakijulikana kwa malenga wa pwani na kwa washairi waliokuwa wakipelekeana tungo katika magazeti kama Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923. Kwake shairi lilikuwa wimbo. Ukilishika hilo, mizani inaacha kuwa hesabu ya mwalimu na inakuwa hesabu ya pumzi. Silabi nane, pumziko, silabi nane, kituo: mghani anajua atavuta hewa wapi, na msikilizaji anajua wapi asubiri.

Mizani haihesabiwi kwa jicho. Chukua maneno mawili yanayofanana sana kwenye karatasi, “mvua” na “mvuvi”. La kwanza lina mizani miwili, mvu-a. La pili lina mitatu, m-vu-vi, kwa kuwa M yake ni kiambishi cha ngeli na inatamkwa peke yake. Ndivyo ilivyo kwa “mbuzi” na “mbunge”: mbuzi ana miwili, mbunge ana mitatu. Kisha njoo kwa “mbwa”. Hapo M inabeba mkazo, kwa hiyo inahesabiwa, na neno linakuwa na mizani miwili. Mtu asiyekisikia Kiswahili atahesabu herufi hadi kesho na ataambulia makosa. Yapo pia maneno ambayo waghani wenyewe hawakubaliani juu yake, hasa yale yenye konsonanti mbili zinazofuatana: “daktari” ni mitatu kwa mmoja na minne kwa mwingine, na “maskini” hugeuka “masikini” pale mtunzi anapopungukiwa na pumzi moja.

Kwa kina hali ni tofauti kidogo. Kiswahili kinagawa vina kwa ukarimu mno. Takriban kila neno linaishia kwa irabu, na viambishi vya sarufi vinamrundikia mtunzi miishio inayofanana: vitenzi vinavyoishia kwa -ka, mahali panapoishia kwa -ni, kauli ya kutendana inayoishia kwa -na. Kwa hiyo kupata kina si ushindi. Ushindi ni kupata kina ambacho sarufi haikukitupa mlangoni, au kukitumia kile cha rahisi kwa namna ambayo msikilizaji hakuitegemea. Nitunge ubeti mmoja hapa, ili tuwe na kitu cha kukishika mkononi:

Bahari imechafuka, mashua zi ufukweni,
Nyavu zote zakauka, zimelala mchangani,
Jiko nalo limechoka, lasubiri kwa huzuni,
Mvuvi amerauka, atazama mawinguni.

Umbo lake ni la kawaida kabisa. Mishororo ni minne, kwa hiyo ni tarbia. Kila mshororo umegawanyika vipande viwili, ukwapi na utao, kila kipande mizani 8. Kina cha kati ni -ka na cha mwisho ni -ni. Mishororo yenyewe ina majina ambayo siku hizi husikika zaidi Kenya: mwanzo, mloto, mleo na kiishio. Laiti ungekuwapo ubeti wa pili wenye vina hivihivi, na wa tatu, na hadi tamati, tungeliita shairi mtiririko. Endapo kina kimoja kingeshikilia, kwa kawaida cha mwisho, na kile cha kati kikabadilika kutoka ubeti hadi ubeti, lingekuwa ukara. Vyote viwili vikibadilika, ni ukaraguni. Majina haya matatu yanapima subira ya sikio: mtiririko humfunga msikilizaji katika sauti moja, ukaraguni humfungulia dirisha kila ubeti.

Sasa tutazame kina cha -ni. Ufukweni, mchangani, mawinguni: sarufi imenipa hivyo bure, vyote ni mahali. Katikati yake limeingia “huzuni”, ambalo si mahali. Lakini sikio limekwisha kuzoeshwa kwamba -ni ya mwisho inaonyesha mtu au kitu kilipo, na huzuni inapofika katika nafasi hiyohiyo nayo inaanza kusikika kama sehemu ambamo jiko limewekwa. Hiyo ndiyo kazi ya kina. Kinaunganisha maneno ambayo maana peke yake isingeyaunganisha. Mchambuzi anayeandika tu kwamba “kina cha mwisho ni -ni” amefika mlangoni na akageuka.

Tamathali katika ubeti huu zinadai uangalifu wa aina nyingine. Wanafunzi wengi wataanza na “bahari imechafuka” na kuiita tamathali. Si tamathali. Bahari kuchafuka ni Kiswahili cha kila siku cha kusema kuna mawimbi makubwa, na mvuvi wa Bagamoyo akisema hivyo hatungi shairi. “Nyavu zimelala” iko njiani: hapo zamani ilikuwa picha ya kiumbe kilicholala, lakini lugha imeitumia hadi picha ikachakaa. “Jiko limechoka, lasubiri kwa huzuni” ndiyo tashihisi iliyo hai, kwa kuwa kitu kisicho na hisia kimepewa uchovu, matarajio na majonzi. Kuzipa zote tatu jina moja ni kutotofautisha moto na majivu.

Hata hapo hatujamaliza. Pwani na bara, kijana anayeoa huambiwa amepata jiko au amevuta jiko. Kwa msomaji anayeusikia msemo huo, jiko katika mleo si mafiga na sufuria tu. Ni mke, aliye nyumbani, aliyechoka. Ukisoma hivyo, tashihisi inayeyuka, kwa kuwa mwanamke hahitaji kupewa hisia, anazo. Kinachobaki ni jazanda, picha moja inayofunika nyingine. Istilahi ipi ni sahihi? Jibu linategemea umesoma nini, na ndiyo maana siamini kwamba tamathali zinaweza “kutajwa” kabla ya maana kujadiliwa. Mtu hutafsiri kwanza, jina hufuata. Kanuni ya kusahihisha inayokubali jibu moja tu kwa mshororo wa aina hii inamwadhibu mwanafunzi aliyesoma kwa makini zaidi.

Tashbihi na sitiari hufundishwa kwa alama za nje: ukiona “kama”, “mithili ya” au “mfano wa”, hiyo ni tashbihi, usipoona, ni sitiari. Ni kweli, ila tofauti kubwa iko kwingine. Tashbihi huweka pande mbili mbele ya msomaji na kumwachia nafasi ya kukataa. Sitiari huondoa nafasi hiyo. Ikienda mbele zaidi, ikauficha upande mmoja kabisa, tunafika kwenye jazanda na fumbo, mahali ambapo ushairi wa Kiswahili umefanya baadhi ya kazi zake kubwa kabisa. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, alitunga wakati mji wake ukivutana na Sayyid Said wa Unguja, na mafumbo yake yalikuwa silaha katika mvutano huo. Abdilatif Abdalla, aliyefungwa Kenya kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake Kenya: Twendapi?, alitoka gerezani na tungo zilizochapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Shairi lake “Mamba” linamzungumzia mnyama wa mtoni, na msomaji ndiye anayejaza upande wa pili. Katika mazingira kama hayo kumfananisha mtu waziwazi kwa “kama” ni kumtaja. Jazanda humwezesha mshairi kusema na bado kuweza kuapa kwamba alikuwa anasema habari za mamba.

Taarab imelijua jambo hili tangu enzi za Siti binti Saad, ambaye sauti yake ilirekodiwa Bombay mwaka 1928. Ukumbini, fumbo halitajiwi jina; mtu anainuka, anakwenda kumtuza mwimbaji kwenye mstari fulani, na waliopo wanajua kwamba mstari huo ameutumia kumjibu mtu. Huo ni uchambuzi kamili wa jazanda, umefanywa kwa miguu.

Kuna tamathali moja ambayo nadhani tumeipunguza kwa jina lake lenyewe: tanakali za sauti. Jina linamfanya mwanafunzi aamini kwamba zote huiga milio. Baadhi huiga kweli. Mtu akianguka chubwi, ameangukia majini. Akianguka tifu, mchangani. Akianguka pa, sakafuni. Tazama jinsi neno moja fupi linavyobeba habari ya mahali ambayo lugha nyingine ingehitaji kifungu kizima kuieleza. Lakini “nyeupe pe” inaiga mlio gani? Na “nyeusi ti”, “nyekundu chwe”, “giza totoro”, “tulia tuli”? Weupe hauna sauti. Maneno haya yanatoa ukamilifu wa hali: rangi iliyofika ukomo wake, utulivu usio na ufa. Mshairi anayeyatumia vizuri huokoa mizani na hupata nguvu ambayo kivumishi hakina. Kwa maoni yangu hii ni mojawapo ya hazina za asili kabisa za Kiswahili, inayopatikana pia katika lugha jirani za Kibantu, nasi tunaipitia kwa swali moja la alama mbili.

Takriri ni rahisi kuonekana na rahisi kupuuzwa. Swali la kuuliza ni hili: neno linaporudi, limerudi na maana ileile? Hapo ndipo kibwagizo kinapoingia. Mshororo wa mwisho unaorudiwa katika kila ubeti huitwa kibwagizo, kiitikio, kipokeo au mkarara, kutegemea kitabu ulichonacho. Usiporudiwa, ni kiishio au kimalizio. Kibwagizo kizuri hakibadiliki hata silabi, ilhali beti zilizo juu yake zinakibadilisha. Katika ubeti wa kwanza kinaweza kuwa ahadi, katika wa nne kikawa swali, katika wa mwisho kikawa shutuma. Kwenye uimbaji, waitikiaji ndio walio na sehemu hii, kwa hiyo ni mahali ambapo hadhira inaingia ndani ya shairi na kuwajibika kwa maneno yake.

Wingi huo wa majina ya kitu kimoja unawasumbua wanafunzi wanaovuka mpaka. Tanzania utasikia zaidi mubalagha, Kenya chuku. Wengine husema tashihisi, wengine uhuishi. Mengi ya majina haya hayana ugomvi, yatumike yote. Ila ninaomba kinaya na kejeli zisichanganywe, ingawa vitabu vingine vinazikaribisha katika chumba kimoja. Kejeli ni kauli ya kumuumiza au kumcheka mtu, na msemaji anaijua. Kinaya ni pale mambo yanapokwenda kinyume na yanavyosemwa au yanavyotarajiwa, na mara nyingi msemaji mwenyewe hajui. Mhusika anaweza kuwa katika kinaya kizito bila kumkejeli yeyote.

Mkanganyiko mwingine umetokana na uchapaji. Utenzi una vipande vinne katika kila ubeti, kila kimoja mizani 8. Vitatu vya kwanza vina kina kimoja, na cha nne kina kina chake ambacho hakibadiliki toka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Katika hati nyingi za kale zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, vipande vyote vinne vilikaa kwenye mstari mmoja. Walipokuja wachapaji wa herufi za Kirumi, wakavishusha kimoja chini ya kingine, na tangu hapo tukaanza kuviita mishororo minne. Ndiyo sababu mwalimu mmoja anasema mishororo na mwingine anasema vipande, na wote wanatazama utungo uleule. Kwa msikilizaji wa utenzi mrefu, kina kile cha mwisho kisichobadilika ndicho alama ya kwamba ubeti umefungwa na mwingine unakuja, jicho halihitajiki.

Kuhusu uhuru wa mshairi, yaani inksari, mazda, tabdila na kuboronga sarufi, nitasema machache. Inksari hufupisha: “aliyenipenda” huwa “alonipenda” na mizani mmoja hupungua. Mazda hurefusha: “enda” huwa “enenda”. Tabdila hubadili sauti bila kugusa idadi. Hatari iko hapa: msomaji aliyelelewa na Kiswahili sanifu huona kila umbo asilolizoea kuwa ni uhuru uliochukuliwa. Abdilatif aliandika kwa Kimvita. “Ndia” kwa njia haikubanwa na vina. Ndivyo wasemavyo watu wa kwao. Hata “mashua zi ufukweni” katika ubeti wangu haijaboronga chochote, ni kauli ya zamani iliyo kamili. Kabla ya kuandika kwamba mshairi amevunja sarufi, inabidi ujue ni sarufi ya nani.

Istilahi zenyewe zimewahi kuwa uwanja wa vita. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alichapisha Kichomi, diwani iliyoacha vina na mizani, na wenye kushika mapokeo wakasema hilo si shairi. Walikuwa na neno tayari: guni, yaani utungo uliokosea vina au mizani. Upande wa pili, M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi walitetea uhuru wa umbo katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu. Ibrahim Noor Shariff, katika Tungo Zetu ya mwaka 1988, alikumbusha jambo ambalo pande zote zilikuwa zimelisahau: hata mapokeo yenyewe hayakuwa na umbo moja. Kulikuwa na utendi, wimbo, ukawafi, inkishafi, hamziya, utumbuizo, wawe, kimai na mengineyo, na ukawafi kwa mfano una mizani 15 iliyogawanyika 6, 4 na 5. Tarbia ya 8 kwa 8, ambayo wengi waliitetea kana kwamba ndiyo ushairi wenyewe, ilikuwa bahari moja kati ya nyingi. Naona Shariff aliutendea mjadala haki kuliko wote, kwa sababu alirudi kwenye tungo na kuzihesabu upya.

Lakini waliolalamikia shairi huru walikuwa na hofu ya kweli: ukitoa vina na mizani, mchambuzi atashika nini? Tuujaribu ubeti wetu:

Mvuvi
ametazama mawingu
mpaka mawingu
yakamtazama.
Jiko, baridi.

Ukwapi umekwenda, utao umekwenda, kina kimekwenda. Takriri ipo: “mawingu” mara mbili, la kwanza likitendwa, la pili likitenda. Tashihisi ipo, ila sasa imehama kutoka jikoni kwenda mbinguni. Na istilahi ambayo tarbia haiihitaji sana inakuwa ya lazima, nayo ni mstari mshata, ule usiojitosheleza kwa maana. “Mpaka mawingu” unaishia hewani. Msomaji hajui mawingu yatafanya nini, na kwa muda huo mfupi anategemea mvua au kutawanyika. Mstari unaofuata unamgeuzia macho. Mistari kifu, inayokamilisha maana yake yenyewe, isingeweza kufanya hivyo. Kukata mstari, basi, kumechukua kazi ya pumziko ambayo zamani ilikuwa ya ukwapi na utao. “Jiko, baridi” imekosa kitenzi, na koma imebeba uzito wote. Je, ni jiko au ni mke? Sasa hata swali hilo limekuwa gumu zaidi, maana uchovu na huzuni vimeondolewa na baridi peke yake ndiyo ushahidi.

Wanaochana kwa Kiswahili leo wanatumia istilahi hizihizi bila kuziomba ruhusa darasani. Wanazungumza juu ya mistari na vina, na mizani yao inapimwa kwa mdundo. Profesa Jay alipotoa “Ndio Mzee”, katika albamu yake ya mwaka 2001, alimwimbisha mwanasiasa anayemwaga ahadi zisizowezekana huku umati ukiitikia kwa maneno ya jina la wimbo. Kwa umbo, hicho ni kiitikio cha kawaida, kinachorudi bila kubadilika. Kwa kazi, ni kinaya: kadiri ahadi zinavyozidi kuwa za ajabu ndivyo ukubali uleule unavyozidi kumsuta anayeahidi, na kuwasuta wanaoitikia pia. Mchambuzi atakayeandika “kuna kiitikio” upande mmoja wa karatasi na “kuna kinaya” upande mwingine atakuwa amekosa kuona kwamba katika wimbo huo kiitikio ndicho kinachoifanya kazi ya kinaya.